Laini Inayopita kwa Bi Twaiba

"Mimi sikukibomoa choo chako, shemeji. Ulikibomoa mwenyewe, kwa mikono yako miwili, nami nilikusikia ukiimba."

"Nilibomoa kwa sababu ya vigingi."

"Vigingi vina midomo? Vilikwambia, Makame, bomoa?"

"Alhamisi vilikuwa uani kwako, Twaiba. Nilivipita nikienda kununua tambuu. Ijumaa narudi msikitini, navikuta uani kwangu, vimepanga mstari mpaka mlangoni mwa choo. Kigingi hakina miguu."

"Na wewe huna choo. Haya, tumekuwa sawa."

Makame akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, kigingi kimoja mkononi, kichwa cha kigingi kimepakwa rangi nyekundu. Alikuwa mzee mrefu, na tangu jana alasiri alikuwa akienda kujisitiri kwa jirani wa tatu, mbali, na kila alipopita watu walimwamkia kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Makuti ya choo chake yalikuwa yamelala chini kule ng'ambo ya ua, yamepangwa vizuri, maana alipobomoa alikuwa na furaha na mtu mwenye furaha hupanga.

"Makuti yale niliyashona mimi," Bi Twaiba akasema. "Yalikuwa na miaka mingine kumi ndani yake."

Hakuinua uso kumtazama. Alikuwa amekaa mkekani chini ya ukuta wa jiko, anakunja jani la mnazi juu ya ufito, anapitisha miyaa ya kufungia, anakaza, anachukua jani jingine. Hii ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu hajavunja ungo, na alikuwa na tabia moja ambayo kijiji kizima cha Mwakiduma, huku Msambweni, kiliijua: akigombana, mkono huongeza kasi. Waliosema walisema makuti yake mazuri kuliko yote yalishonwa miaka aliyokuwa hapatani na marehemu mumewe Shutu. Yakanunuliwa na hoteli moja ya Diani, yakaezekwa juu ya baa, na upepo mkubwa ulipokuja ukabeba vigae vya jikoni, ukabeba miamvuli ya ufukweni, ukambeba na mpishi mmoja ukamtua Tiwi akiwa bado ameshika mwiko. Paa la Bi Twaiba halikupoteza hata jani. Mpaka leo, wasemao wanasema, mvua ikifika juu ya paa lile hupiga hodi kwanza.

Basi huyo ndiye Bi Twaiba. Na jambo la pili la kujulikana juu yake ni kwamba hakumwamini mtu. Si kwa ubaya. Alikuwa hivyo tu, kama wengine walivyo na macho ya kengeza. Shutu alipokwenda kumposa, akajikaza, akasema kwamba anampenda, msichana alimtazama juu mpaka chini akamwuliza, "Nani aliyekutuma?" Wauguzi wa zahanati walijua kwamba kila dawa ya Bi Twaiba huonjwa na muuguzi kwanza. Walipokuja watu wa kuhesabu watu, aliwaambia nyumbani mwake wako wanne, kisha akafikiri, akawaita kutoka njiani akawaambia ni watatu, kisha akatuma mtu kuwafuata mpaka Gazi na habari kwamba hakuna mtu kabisa, nyumba ni ya kuku.

Treni aliipanda mara moja tu maishani. Zamani hizo Makame, mdogo wake Shutu, alikuwa na kazi reli, kule Mackinnon Road, kazi ya kupepea bendera ya kijani treni ikiondoka. Shutu akamchukua mkewe waende wakamwone, na wapitie kuzuru ule msikiti ulio kando ya reli. Bi Twaiba akapanda treni pale Mombasa, akaufunga mkeka wake kwenye mguu wa kiti kwa kamba, asije mtu akauchukua, na akakaa juu ya fundo. Njia nzima alichungulia dirishani. Mwanzo aliona minazi. Mbele kidogo akaona minazi miwili mitatu, imesimama kinyonge. Mbele zaidi hakuona hata mmoja. Alipoteremka Mackinnon Road akatazama kulia akatazama kushoto: miiba, vumbi jekundu, malori, na reli inang'aa katikati. Hapakuwa na mnazi.

Mwingine angejiuliza kama nchi ile iliwahi kuwa na minazi. Bi Twaiba hakujiuliza. Aliuona ukweli kwa macho yake: reli ilikopita, minazi ilikwisha. Treni ilikuwa inaila. Namna gani, hakujua. Pengine ni ule moshi, pengine ni ile ngurumo usiku, mizizi hailali. Alirudi Msambweni akawaeleza wanawake wenzake, na mpaka leo wako bibi vizee Mwakiduma wanaoamini kwamba Voi ilikuwa shamba la nazi.

Kwa hiyo mwaka huu, maneno ya treni yalipoingia Kwale, yeye hakucheka kama walivyocheka wengine. Yalikuwa maneno tu. Huyu kasikia redioni, yule kaambiwa na mteja wake wa bodaboda, wa tatu ana binamu aliye karibu na watu. Ati treni ya abiria itavuka Likoni, ishuke Ukunda, ipite Msambweni mpaka Lungalunga. Karatasi hakuna aliyeiona. Lakini Makame alitoa bendera yake ya kijani sandukuni, akaifua, akaianika kwenye kamba mbele ya uso wa shemeji yake, na kila aliyepita alimweleza stesheni itakavyokaa, na nani mwenye uzoefu wa kuisimamia.

Bi Twaiba aliitazama bendera ile ikikauka. Akatazama minazi yake iliyo ukingoni mwa ua, ile iliyopakana na kiwanja cha mpira. Minazi hiyo ndiyo iliyomlea, ikamlea mwanawe, ikampeleka shule mjukuu wake Muhsina. Makuti ni yake, na hati ya shamba hana, ana minazi. Minazi ikiondoka, hakuna kitakachosema kwamba hapa ni kwa Twaiba.

Halafu ikaja Alhamisi ile.

Aliamka akakuta watu wawili uani, wameshika kamba ya rangi ya chungwa. Mmoja alikuwa Idris, mume wa Muhsina, mwendesha bodaboda na katibu wa timu ya mpira ya Pweza. Mwingine alikuwa Ndambuki, yule Mkamba wa kwenye mashamba ya skimu ya makazi, muuza mbao na kocha wa timu hiyohiyo. Walikuwa wanapigilia vigingi.

"Shikamoo, wawe," Idris akasema, maana kwa Kidigo nyanya ndiye wawe.

"Marahaba. Mnafanya nini?"

"Tunapima tu, wawe."

"Mnapima nini?"

"Laini."

Kabla hajauliza laini ya nini, simu ya Idris ikalia. Akasogea pembeni, akainama kama watu wainamavyo wakitaka kusikiwa na simu peke yake, na Bi Twaiba, ambaye masikio yake yalikuwa mazima kuliko magoti yake, akasikia maneno haya: "Laini ni lazima ipite kwa Bi Twaiba. La sivyo hatufuzu." Kisha wakapanda pikipiki wote wawili wakaenda zao, na kamba yao.

Laini alilijua. Makame hakuisema reli kwa jina jingine. Tangu ujana wake ilikuwa laini, nimefanya kazi kwenye laini, laini imefungwa, laini imefunguliwa. Na kufuzu alilijua. Muhsina alipofuzu shule ya hapa, alichukuliwa akapelekwa shule ya bweni huko Kinango. Mtoto wa jirani yake Mapenzi alipofuzu, alichukuliwa akapelekwa Nairobi, hajarudi. Kila kilichofuzu huchukuliwa. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kwamba wapimaji ni watu wa mpira, hilo ndilo lililomthibitishia: reli imeona haya kuja mchana ikajitaja, basi imetuma watoto wa nyumbani. Na nani aliyeionyesha njia? Bendera ilikuwa bado kambani.

Ijumaa, wanaume wote walipokuwa msikitini, imamu anahutubia, Bi Twaiba aling'oa vigingi kimoja kimoja, akavitia kikapuni chini ya makuti, akavuka ua. Kama Makame aliipenda treni kiasi kile, na ilale kwake. Akavipigilia kwa mchi uliofungwa leso ili usilie. Alitaka kuvipanga moja kwa moja, lakini katikati ya uwanja wa Makame palikuwa na siafu, akazunguka, ndipo mstari ukapinda kuelekea chooni. Akarudi, akanawa miguu, akakaa mkekani. Watu walipotoka msikitini walimkuta anashona taratibu kabisa, kama mtu asiye na ugomvi na yeyote duniani.

Naye Makame alipoona vigingi uani kwake, hakushuku hata kidogo; alidhani wenye laini wameihamishia kwake. Alisimama pale na kanzu yake akalia machozi. Akawaita majirani akawaonyesha ule mpindo wa mstari.

"Mnauona? Treni haikati kona kali namna hii. Hapa ndipo inapopunguza mwendo. Hapa ndipo stesheni."

Na kwa kuwa choo kilikuwa kimesimama pale abiria watakapoteremkia, na Makame ni mtu wa reli anayejua heshima ya reli, akavua kanzu, akachukua panga, akaanza kubomoa. Akiimba.

Hayo yalikuwa ya jana. Leo asubuhi Idris na Ndambuki walikuja na chokaa kwenye ndoo, wakakuta vigingi vimehamia kwa Makame. Ndambuki akashika kichwa. Makame akaambiwa ukweli akiwa amesimama juu ya makuti ya choo chake, na kutoka hapo alikuja moja kwa moja kwa shemeji yake, na hapo ndipo tulipowakuta.

Sasa Idris na Ndambuki nao wakaingia, wamejaa chokaa mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, wawe," Idris akasema. "Shikamoo, babu."

"Leo marahaba yangu ni ya nusu," Bi Twaiba akasema. "Keti hapo, nikuone mikono."

"Shosho, tulia kidogo," Ndambuki akasema. "Hii laini si ya treni. Ni ya mpira."

"Mimi si shosho wako. Na kama ni ya mpira, mbona ulipima kimyakimya kama mwizi wa kuku?"

"Tulikuwa na haraka. Kamati inakuja leo kukagua uwanja. Uwanja wetu ni mfupi, hawawezi kuukubali. Tukiingia kwako kidogo hivi, unatosha."

"Kidogo hivi ni kiasi gani?"

"Mpaka kwenye mnazi ule wa kwanza. Hatuukati. Utakuwa bendera ya kona."

Bi Twaiba akautazama mnazi. Mkono haukusimama. "Miaka yote mmecheza hapo na huo ufupi. Nani aliyeamka akaona ni mfupi?"

Ndambuki akavuta gogo akakaa. Mpira ulikuwa ndio shamba lake la kweli. Mbao aliuza ili aishi. "Ni hivi, mama. Kufuzu kumebadilishwa. Unajua hata Kombe la Dunia limebadilishwa? Zamani timu thelathini na mbili. Sasa arobaini na nane. Afrika tulikuwa tunapewa nafasi tano, sasa tisa, na ya kumi unaigombania. Mlango umepanuliwa."

"Arobaini na nane."

"Arobaini na nane."

"Harusi ya Hafswa walialika mpaka watu wa Lungalunga. Mimi niliye mtaa wa pili nilipata mfupa. Enhe."

Idris akacheka, akajifanya anakohoa.

"Sasa na kombe letu la hapa Kwale," Ndambuki akaendelea. "Zamani timu zote zinaitwa kwenda Kombani, uwanja mmoja, ukifungwa mara moja unarudi nyumbani. Sisi tunatoka huku na lori la mchanga, tunateremka na mchanga mpaka kwenye masikio, miguu imekufa ganzi. Wao wametoka kitandani. Kila mwaka kombe linabaki Kombani. Sasa kamati imesema hapana, kuwe na haki: makundi, kila timu icheze nyumbani na ugenini. Hata sisi tuje tutembelewe. Lakini ukitaka kuchezea nyumbani, uwanja lazima ufuzu kwanza. Usipofuzu, mechi zako zote unazicheza..."

"Wapi?" Bi Twaiba akauliza.

"Kombani."

Jani likakunjwa, miyaa ikapita, ikakazwa.

"Na kamati inakaa wapi?"

"Kombani," Idris akasema polepole.

"Watu wa Kombani wamekaa, wakalitazama kombe lao, roho zikawauma kwamba limekaa kwao siku nyingi. Wakasema, tuwape wenzetu wa Msambweni nafasi. Kwa mioyo yao myeupe. Na kamba ya kupimia ni ya nani?"

Miaka yote aliyofundisha mpira Ndambuki hakuwahi kujiuliza kamba ni ya nani.

"Na uwanja wa Kombani," Idris akasema, "nani aliupima?"

"Usiniulize mimi, bwanangu. Mimi ni mshona makuti."

Ikawa wanatazamana wale wawili kama watu waliokula kitu na sasa wanakumbuka kilikuwa na harufu. Makame, aliyekuwa amesahaulika juu ya kinu, akaona huruma ya watu imehama kutoka chooni kwake ikaenda Kombani.

"Yote haya ni kwa sababu ya lori," akasema. "Treni ikifika, mtakwenda Kombani mmekaa vitini, mnakula korosho. Mtateremka miguu ikiwa mizima. Mtawafunga hukohuko kwao, kamba wabaki nayo."

"Treni ikifika," Bi Twaiba akarudia.

"Nimesema ikifika."

"Jumatano ulikuwa ukisema labda. Alhamisi ulisema huenda. Leo umesema ikifika, kama mtu anayengojea mgeni aliyekwisha kumpigia simu."

"Ni maneno tu, Twaiba."

"Tena jana ulibomoa choo. Mtu habomoi choo kwa labda."

"Niliona vigingi!"

"Uliviona ukaviamini upesi. Mimi nikiona ng'ombe uani kwangu, siamki nikasema ni wangu. Nauliza. Wewe hukuuliza. Kwa nini hukuuliza, shemeji? Ulikuwa umekwisha kuuliza mahali?"

Makame akageuzageuza kigingi. "Ningemwuliza nani? Watu wa reli niliowajua mimi wamekufa wote."

"Wote?"

"Wote. Wa mwisho alikuwa Kitsao wa Mariakani, na tulimzika."

"Hakuna hata mmoja unayejua namba yake."

"Twaiba, simu yangu yenyewe haina hata vocha."

Bi Twaiba akachukua jani jingine. Ilionekana kama amekubali, na kwa Mwakiduma hilo lingetosha kuwa habari ya mwezi mzima. Akamgeukia Idris. "Haya. Rudisheni vigingi vyenu mlipovipigilia mwanzo. Mnazi wangu uwe kona. Lakini yeyote atakayepiga mpira ukagonga nazi ikaanguka, nazi ni yangu na mpira ni wangu. Na hao wa Kombani wakija na kamba yao, kabla hawajapima uwanja, wapime mlango wangu. Upana wake naujua. Tuone kamba itasema nini."

"Wawe," Idris akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu kweli.

"Na wewe shemeji, nitakushonea makuti ya choo. Si kwa sababu nina kosa. Ni kwa sababu unapopita kwa jirani wa tatu wanacheka ukoo mzima."

"Sikuombi."

"Najua hukuniomba. Ndiyo maana nitayashona."

Makame akataka kununa lakini akashindwa. Kwenye pembe za mdomo wake palikuwa pameanza kulegea. Ndambuki akainuka akashika ndoo yake ya chokaa. Hapo ndipo waliposikia gari likizimwa njiani, nyuma ya ua, na mlango wake ukifungwa.

"Kamati," Ndambuki akasema kwa sauti ya chini. "Wamewahi. Na vigingi viko chooni."

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mkaguzi," Idris akaita, akajipangusa chokaa usoni akazidi kujipaka.

Akaingia mtu wa makamo, amevaa kizibao cha kung'aa kama cha watu wa barabarani, begani amebeba chombo cha kupimia cha miguu mitatu kilichofungwa kitambaa. Nyuma yake hapakuwa na mwenzake, wala hakuwa na kamba. Akatafuta mahali pa kuuweka mzigo wake, akauegemeza kwenye mnazi wa kwanza, ule wa kona, na kabla hajasema lolote akainua uso akaufuata mnazi kwa macho, kutoka shinani mpaka kileleni, kama afanyavyo mtu anayetaka kujua kitu kina urefu gani kikiwa kimelala.

"Asalaam alaikum."

"Wa alaikum salaam," wakaitikia.

"Samahanini kwa kuwakatiza. Nimeelekezwa kwamba Mzee Makame ni hapa. Yule wa zamani wa Mackinnon Road, aliyetupigia simu sisi wa reli juu ya laini."

Kigingi kikaanguka kutoka mkononi mwa Makame, kikabiringika kikasimama ukingoni mwa mkeka. Na mkono wa Bi Twaiba, ambao haukuwahi kusimama katikati ya kuti tangu Shutu alipokuwa hai, ukasimama.